Kobe wa Kibwezi na Silanga ya Kanyangi

Nilikwenda Kibwezi kwa sababu ya maji. Naliweka wazi mapema, maana huku shuleni Tulia ninakofundisha wengi walisikia kwamba nilikuwa nimekwenda kutazama kobe pamoja na wazungu wa meli, wakadhani nimepata likizo.

Jambo lenyewe lilianzia Kanyangi, kwao mke wangu. Huko kuna silanga, ndivyo tunavyoita bwawa la udongo. Akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, waliichimba kwa majembe na karai, na udongo waliubeba kichwani. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na hakuna anayelalamika. Silanga ikikauka, mtu hushuka na punda hadi Mto Athi, na siku yake imekwisha hapo.

Basi akaja Bwana Muindi, mzaliwa wa Nunguni, mtu wa koti safi na majibu mepesi. Alikuwa na shamba la kobe mbele kidogo ya Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Meli za watalii zilipotia nanga Mombasa, wageni walipandishwa mabasi kwenda Tsavo kuona ndovu, na kabla ya kugeuza walifikishwa kwake kuona kobe. Sasa alitaka kufungua shamba la pili Kanyangi. Aliomba kitu kimoja tu: aizungushie silanga ua. Kobe, alisema, hutaga vizuri penye unyevu. Wenyeji wangeendelea kuchota maji kupitia geti, kwa saa ambazo yeye angezipanga, alfajiri na jioni tu. Vijana wangepata kazi, na barabara ingelimwa kwa greda.

Mimi nililisikia neno "geti" na sikusikia lingine baada yake. Lakini uamuzi haukuwa wangu. Ulikuwa wa mwethya, na mwenyekiti wa mwethya ni mama mkwe wangu, ambaye ana wana wawili wakubwa wanaoshinda sokoni bila kazi. Alikuwa amempenda Bwana Muindi tangu siku ya kwanza. Hata hivyo alisema hatatoa silanga kwa maneno matupu. Atakwenda aone kwa macho yake, kisha Jumapili baada ya ibada aseme ndiyo au hapana. Wazee wa kanisa wakaniomba niandamane naye, niandike nitakayoyaona.

Hapo ndipo penye shida, na msomaji asiye Mkamba anivumilie. Mimi na mama mkwe hatusimami pamoja. Si ugomvi, ni nthoni, heshima iliyo baina ya mtu na mama wa mke wake. Hamtazamani usoni, hamli mkionana, hamketi benchi moja. Mchungaji amehubiri mara nyingi kwamba hayo yalikuwa ya zamani. Mama mkwe huitikia amina, kisha akiniona njiani hupita vichakani. Kwa hiyo katika Kanyangi nzima mtu mmoja tu nisiyeweza kumwambia "mama, unakosea" ndiye aliyeishika silanga mkononi.

Alhamisi, kabla ya jua. Tulitoka Kanyangi kwa pikapu ya kanisa. Mama mkwe alikaa mbele, leso begani na kiondo, kikapu cha katani alichokuwa akikisuka, mapajani. Mimi nilikaa nyuma na gurudumu la akiba. Dereva alikuwa Kilonzo, binamu ya mke wangu, mtu asiyejua kunyamaza, na kazi yake ya pili ilikuwa kuyabeba maneno kutoka mbele kwenda nyuma.

"Kilonzo, mwambie mwalimu akiandika aandike na mazuri. Asiandike tu ile anatafuta."

Dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Nilisikia kila neno.

"Mwalimu, umeambiwa..."

"Nimesikia."

"Hujasikia, bado sijasema. Redio hapa ni mimi."

Mutomo, saa ya chai. Hotelini mama mkwe aliingia chumba cha ndani, mimi nikabaki cha nje, pazia katikati, na Kilonzo akawa anatembea na sahani ya mandazi huku na huku, akila njiani. Nilimtuma amwulize mama kama amewahi kumwona kobe akinywa maji.

"Mwambie hata yeye alipozaliwa hakuwa anakunywa chai," jibu likaja, "na sasa amemaliza birika."

Wenye hoteli walicheka. Na mimi nilicheka, lakini swali langu lilikuwa halijajibiwa.

Kutoka Ikutha kwenda Mto Athi. Hapa nchi hukauka waziwazi. Udongo ni mwekundu, miti mifupi, na miiba mingi kuliko majani. Kilonzo alifunga breki ghafla. Kobe mkubwa alikuwa akikata barabara bila haraka, mavumbi mgongoni. Nilisimama ndani ya pikapu nikatazama pande zote. Hapakuwa na kisima, dimbwi wala mfereji. Niliandika hivyo. Mbele nikasikia mama mkwe akimwambia Kilonzo, "Mzuri. Hata yeye anaenda kutafuta kazi kwa Muindi." Tulivuka Athi, maji yakiwa machache katikati ya mchanga mpana, na kabla ya saa nne tulikuwa Kibwezi.

Shambani kwa Muindi. Kulikuwa na ua wa fito, kibao chenye picha ya kobe anayetabasamu, na mabasi mawili yaliyojaa wageni wenye kofia za majani. Walishuka wakijipepea. Bwana Muindi alitujia mikono wazi.

"Karibuni! Mama, karibu. Mwalimu, najua mambo ya nthoni, hata mimi nina mkwe. Sitawachanganya. Mama aende na wageni, wewe keti bandani unywe soda, nitakuzungusha mwenyewe baadaye."

Ilikuwa adabu, na singeweza kuikataa. Lakini nilipokaa na ile soda nilijiuliza kama mtu huyo anatuheshimu au anatenganisha mashahidi wawili. Tangu hapo kila alichokifanya nilikitazama mara mbili.

Kutoka bandani nilisikia zaidi kuliko nilivyoona. Kijana mwenye kipaza sauti alieleza kwamba kobe hawa wote wameanguliwa hapahapa, na kwamba kila mgeni atamchagua mmoja na kumwachilia porini, arudi Tsavo akawe huru. Mwishoni mwa ua kulikuwa na tundu lenye upinde wa maua ya karatasi. Wageni walipanga foleni, kila mmoja na kobe wake mikononi, wengine wakiwabusu. Kamera zililia. Kila kobe alipopita tunduni watu walipiga makofi. Kisha nikasikia jina la mama mkwe likiitwa kwa heshima, na makofi yakazidi, na kicheko chake nilikitambua.

Niliomba kuonyeshwa choo. Njia ya choo ilipita nje ya ua. Sikuingia chooni, nilifuata fito hadi nyuma ya ule upinde wa maua. Huko kulikuwa na mtu wa makamo mwenye gunia. Aliinama, akaokota, akatia ndani. Akasogea, akainama tena.

"Habari ya kazi, ndugu?"

"Mzuri."

"Hao si ndio wameachiliwa sasa hivi?"

"Hawa ni wagonjwa. Wanarudishwa kwa daktari."

"Wote?"

"Wote."

"Wameugua lini?"

Alinitazama, akatazama gunia. "Hiyo uliza Bwana."

Mmoja alikuwa bado juu, anapigapiga miguu kwenye mdomo wa gunia. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umefungwa uzi wa katani wa rangi ya zambarau. Nilidhani ni alama ya shamba. Nikaandika: uzi, zambarau, mguu wa kushoto.

Zamu yangu na Bwana Muindi. Alinionyesha sanduku refu la mchanga lililofunikwa kwa nyavu.

"Mayai yako humo chini."

"Naweza kuona moja?"

"Ukifukua, linakufa. Kobe ana aibu kama mama mkwe, mwalimu." Alicheka peke yake.

Karai za maji katika mazizi zilikuwa kavu, na utando wa buibui ndani yake.

"Wanakunywa nini?"

"Umande. Kobe ni mnyama wa shukrani."

"Na wa Kanyangi watataka silanga nzima?"

"Kule ni kwa mayai. Na hewa. Hewa ya maji, unaelewa?"

Sikuelewa, lakini niliitikia kwa kichwa kwa sababu nilikuwa nikitazama kitu kingine. Gari la maji lilikuwa limefika. Mpira wake haukuelekezwa mazizini. Ulivuka ua hadi kwenye tangi la saruji, na nyuma ya tangi kulikuwa na misingi ya vyumba, vyumba vingi vya mstari kama vya hoteli, na shimo kubwa lililosakafiwa chini kwa bluu.

"Na yale ni nini?"

"Ah, yale ni ya baadaye," alisema, akanishika bega kunigeuza.

Alasiri, pembeni mwa Kibwezi. Tulisimama kula. Mama mkwe alikaa upande mmoja wa pikapu, mimi upande wa pili, migongo yetu ikitazamana na bati likiwa katikati. Alikuwa na furaha kama ya harusi.

"Kilonzo, mwambie mwalimu nimemwachilia wangu. Wazungu wamenipiga picha. Nimemfunga uzi mguuni, hii ya kiondo, hii zambarau, ndio siku moja nikikutana naye nimsalimu kwa jina. Saa hii amefika Tsavo."

Niliweka chapati chini. Sasa nilijua nilichokiona, na nilijua kwamba Jumapili ilikuwa karibu. Nikageukia barabara, nikasema polepole.

"Kilonzo, mwambie mama kobe wake yuko kwenye gunia."

Kilonzo aliacha kutafuna. "Hiyo siwezi peleka."

"Ipeleke."

"Peleka wewe, una miguu."

"Unajua siwezi."

"Basi habari imekwama hapa kwa boneti."

Haikuwa imekwama. Bati la pikapu halizuii sauti. Nilimwaza mwanamke aliyesimama mbele ya wenzake kanisani akamsifu Muindi, na mkwe anayemwambia hadharani kwamba amedanganywa kama mgeni wa meli. Nilifikiri nimeharibu nyumba yangu kwa ajili ya kobe.

"Kilonzo," akasema hatimaye. "Mwambie huyo mwalimu wa hesabu kwamba uzi wangu naujua. Na wewe washa gari. Tunarudi."

Shambani mara ya pili. Basi jingine la wageni lilikuwa likiteremsha watu. Mama mkwe hakungoja kukaribishwa. Alipita katikati ya kofia za majani, akaenda moja kwa moja kwenye zizi la nyuma alilokuwa ameonyeshwa asubuhi, lililoandikwa hospitali, akainama juu ya ukuta mfupi. Nilisimama mbali, kama inavyotakiwa, lakini nilimwona akinyoosha mkono na kumwinua kobe mmoja, mguu wa nyuma ukining'inia na uzi wake.

Bwana Muindi alifika akihema kidogo. Nilidhani sasa amekwisha.

"Mama! Umeona? Amerudi! Hawa wanyama wana mapenzi. Umemshika mara moja tu, na amekataa kwenda Tsavo."

Wafanyakazi walicheka. Mama mkwe alimtazama Muindi, akamtazama kobe, kisha akacheka pia, kicheko kirefu cha kupiga paja. Niliona silanga ikizungushiwa fito.

"Kama wana mapenzi hivyo," alisema, "basi tuletee wawili Jumapili. Waone kwao kupya mbele ya watu wote."

"Nitawaleta mwenyewe, mama. Mimi mwenyewe."

Kurudi. Kutoka Kibwezi hadi Athi, na kutoka Athi hadi Mutomo, redio yetu haikupewa neno hata moja. Kilonzo alijaribu kuimba, akaacha. Basi nilimweleza Kilonzo kwa sauti ya kutosha habari za gari la maji, tangi, misingi ya vyumba na lile shimo la bluu. Nilisema kwamba sikuwa na ushahidi wa nia ya mtu. Nilichokiona ni kwamba maji hayakuwa yakienda kwa kobe.

Kilonzo akauliza, "Hii nipeleke?"

Vidole vya mama mkwe vilisuka bila kusimama hadi tulipofika.

Jumapili, Kanyangi. Baada ya ibada watu walishuka silangani wakiwa bado na Biblia mikononi. Akina mama wa mwethya walikaa ukingoni na mitungi yao. Mutua na ndugu yake, wana wa mama mkwe, walikuwa wamepiga pasi mashati. Walijua kwamba kazi ya kwanza ilikuwa kuchimbia fito za ua. Pikapu ya Bwana Muindi ilifika na mzigo wa fito nyuma, tayari, na juu ya fito kasha lenye kobe wawili.

Alihutubia vizuri. Alisema habari za meli, za wageni, za jina la Kanyangi kusikika ng'ambo. Alisema kobe ni mnyama wa maji ya utulivu, na kwamba hawa wawili watafurahi hadi tutashangaa. Kisha akamgeukia mama mkwe apate ile ndiyo.

Mama mkwe alisimama. "Waweke chini."

"Hapa?"

"Hapa kwa maji. Karibu kabisa, waguse."

Akawaweka, pua zao kwenye tope. Kobe waliingiza vichwa ndani wakawa mawe. Tulingoja. Mtu alikohoa, mtoto akalia akanyonyeshwa. Hatimaye mmoja alitoa kichwa, akatazama maji yale yote ya Kanyangi, akageuka. Alipanda ukingo, akawapita akina mama katikati, akashika njia ya vichakani kwenye miiba. Wa pili akamfuata.

"Wanazunguka tu," akasema Bwana Muindi. "Wanazoea mahali."

"Tutangoja," akasema mama mkwe.

Muindi aliwafuata, akawabeba, akawarudisha mmoja mmoja hadi majini. Safari hii hawakukawia hata kujificha. Waligeuka papo hapo. Akawarudisha tena, koti likiwa sasa na tope.

"Bwana Muindi," mama mmoja akaita, "hata mbuzi wetu hatuwafundishi njia ya maji!"

"Wapeleke ile hospitali yako," mwingine akasema, maana Kilonzo alikuwa amekwisha tangaza kila kitu kabla ya ibada.

Kicheko kilipanda silanga nzima. Mama mkwe peke yake hakucheka.

"Sisi tulichimba hii kwa sababu tunakunywa," alimwambia. "Mnyama wako hanywi. Basi ni nani atakunywa, Muindi? Ile vyumba? Ile shimo ya bluu?"

Bwana Muindi, mtu wa majibu mepesi, akageuka kuwatafuta kobe wake.

"Hapana," akasema mama mkwe, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekataa kuongezewa ugali. "Mwethya inasema hapana. Rudi na miti yako."

Muindi alimpata kobe mmoja. Wa pili alikuwa amekwisha zama ndani ya miiba, na yeye akasimama nje ya kichaka, akatazama koti lake, akamwacha.

Sitaki msomaji adhani kwamba wote walifurahi. Mutua alitupa kofia yake chini. "Mama, na kazi? Sasa kazi iko wapi?" Mama yake alimwambia silanga imejaa tope na karai ziko nyumbani, na Mutua aliondoka bila kuaga. Hakuongea na mama yake siku nyingi, na mimi aliniita mtu wa midomo. Inawezekana kabisa kwamba kazi zile zingekuwepo. Hilo sikuweza kulichunguza, na sidai nimelijua.

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo, nami nakiandika kama kilivyo. Mtu akiwa na jibu kwa kila swali, usiendelee kumwuliza yeye. Nilimaliza daftari zima nikimwuliza Bwana Muindi kuhusu kobe, na mwisho ni kobe wenyewe walioulizwa.

Pikapu yake ilipokuwa ikipanda kilima na fito zikigongana nyuma, akina mama walifunga leso viunoni, wakainama ukingoni, wakaanza kuchota. Ilikuwa saa ambayo, kwa mpango wa Muindi, geti lingekuwa limefungwa.